Mwaka Kesho Wakati Kama Huu

Mwalimu Nurdin hakujua kukaa. Kiti chake cha ofisini kilikuwa kinang'aa kuliko viti vyote vya sekondari ile ya kata, upande wa Mnyambe, juu uwandani Newala, kwa sababu hakuna aliyekikalia. Alifundisha akitembea, alisahihisha madaftari amesimama dirishani, na chai aliinywa akiwa njiani kwenda mahali. Alikuwa mwalimu wa kujitolea, kijana wa Kiyao kutoka Masasi, anayengoja ajira kama wenzake wengi. Mkuu wa shule alimpa kazi ambayo walimu wengine waliikwepa: kuwaandaa vijana wa kidato cha nne kwa maisha ya baada ya shule. Nurdin aliipokea kama mtu aliyekabidhiwa jeshi.

"Mwaka kesho wakati kama huu utakuwa wapi?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Aliliuliza darasani, aliliuliza uwanjani, aliwauliza wasichana waliopanga ndoo mbele ya bomba linalokohoa hewa. Aliyejibu "sijui" alipewa hadi kesho yake. Aliyejibu "Mungu akipenda" aliambiwa, "Mungu alishapenda zamani, anakungoja wewe."

Siku alipomfikia Oliva, msichana mwembamba wa dawati la nyuma mwenye ulimi mwepesi, binti huyo hakungoja hata swali liishe.

"Chuo, mwalimu. Nitakuwa nasomea ufundi wa maji."

Darasa likacheka. "Fundi bomba!" kijana mmoja akapaza sauti. "Oliva na spana!"

"Cheka tu," Oliva akamjibu. "Siku nikifungua koki kwenu, utanipigia magoti wewe na ndoo yako." Kisha akamgeukia mwalimu. "Maji yako bondeni, sisi tuko juu. Mashine inayasukuma, yanapanda, yanafika mahali yanachoka. Mimi nataka kujua yanachokea wapi."

Moyo wa Nurdin uliruka. Tangu aanze kuuliza swali lile hakuwa amepata jibu lenye miguu kama hilo.

"Nyumbani umeshawaambia?"

"Bado. Niachie mimi, mwalimu."

"Utawaambia lini?"

"Wakati wake ukifika."

Nurdin alilichukia neno hilo. Kwake yeye wakati ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa sasa.

"Na wewe, mwalimu?" Oliva akauliza, macho yake yakicheka. "Mwaka kesho wakati kama huu?"

"Hapa nauliza mimi," alisema Nurdin, akaenda kufuta ubao uliokwisha kufutwa.

Jumamosi iliyofuata hakuweza kuvumilia. Alikwenda kwa kina Oliva kwa miguu, haraka, kama mtu aliyesikia moto. Alimkuta baba yake, Mzee Danieli, akitandaza korosho juani, mtu mpole wa maneno machache. Nurdin alikuwa amejiandaa kwa vita. Alianza na umuhimu wa elimu, akapita kwenye shida ya maji, akamalizia na chuo. Danieli aliitikia kwa kichwa.

"Sawa, mwalimu."

"Chuo kiko mbali lakini, mzee. Dar es Salaam huko."

"Vizuri."

"Na kazi yenyewe ni ya suruali na kofia ngumu."

"Kofia ni nzuri. Jua letu hili kali."

Nurdin alishangaa ngome ilivyoanguka bila jiwe. Kutoka jikoni Mama Oliva akakohoa kidogo, kisha akachungulia.

"Mwalimu, ungepita na pale juu kwa kaka yangu Stefano. Umsalimie tu."

"Nitapita siku nyingine, mama."

Si kwamba hakuelewa. Mtoto wa Kiyao haambiwi maana ya mjomba. Kwao Masasi, kama huku kwa Wamakonde, mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mwisho juu yake hulitoa kaka wa mama. Baba anaweza kukubali jambo lolote, maana si lake la kukataa. Nurdin aliyajua hayo tangu ananyonya. Lakini aliamini kwamba aliyaacha kwenye baraza la mjomba wake mwenyewe, Safari fundi cherehani, aliyetaka kumketisha kwenye mashine ya pili. Siku ile Nurdin aliondoka Masasi, akapanda mlimani bila hata kuaga. "Shule inamjua mzazi," alijiambia akirudi, kifua mbele. "Haimjui mjomba."

Mahafali yakafika. Korosho sasa zilikuwa zinaanguka kwa wingi, wazazi walikuja na harufu ya mabibo mikononi. Kwenye viti vya mbele, pembeni ya Danieli, alikaa Mjomba Stefano, mrefu, koti limefungwa vifungo vyote. Kata nzima ilikuwa imeshasikia kutoka kinywani mwake kwamba mpwa wake atakwenda kusomea uuguzi, Ndanda, pale karibu, ili ndugu wakiugua wawe na mtu.

Nurdin alipopewa kipaza sauti, hakusimama mahali pamoja. Alikwenda huku na huku jukwaani mpaka waya ukamzunguka miguu. Alisema vijana wa uwandani si wa kuokota korosho tu, alisema mlima haumzuii anayejua njia, na watu wakapiga makofi. Makofi yale yalimpanda kichwani.

"Mfano ninao hapa!" akapaza sauti. "Oliva Danieli! Huyu haendi kusomea uuguzi kama mnavyosikia. Anakwenda kusomea maji! Na baba yake ameshanipa ruhusa!"

Hakuna aliyepiga makofi. Vichwa vya kina mama viligeuka taratibu, wala si kwa Danieli. Danieli alikuwa anatazama viatu vyake. Viligeuka kwa Stefano. Naye akasimama, akavaa kofia yake, akapita katikati ya watu bila haraka, akatoka. Mama Oliva akafuata nyuma, kitenge mdomoni.

Oliva alimkamata Nurdin nyuma ya madarasa. Shada la karatasi za rangi lilikuwa bado shingoni mwake.

"Umenimaliza, mwalimu."

"Nimekusaidia. Sasa kila mtu anajua."

"Ndiyo maana nimekwisha! Nani alikutuma? Tangu Julai nampulizia mjomba dawa ya salfa kwenye mikorosho yake mpaka macho yananiwasha. Kila Jumamosi nampelekea maji. Unadhani napenda kubeba ndoo? Nilikuwa nangoja auze korosho. Akishauza anakuwa mtu mwingine, anacheka hata na mbuzi. Siku hiyo ndiyo ningepiga goti nikamwomba." Akalivua shada shingoni. "Kila siku unatuimbia, pangeni, pangeni. Mimi nilikuwa nimepanga. Wewe ndiye hukupanga."

Nurdin aligeuka kushika njia.

"Nakwenda kwake sasa hivi."

"Utakwenda kama nani?"

"Kama mwalimu wako!"

"Hatakupa hata kigoda. Mtu aliyemkosea mjomba wa watu hajisemei, anasemewa. Kwani wewe ulianguka kutoka mkorosho? Huna mjomba?"

Asubuhi yake Nurdin alipanda gari la Masasi. Njia nzima ya kuteremka mlima alihesabu maneno atakayosema, na alipofika mjini, chini ya ile milima ya mawe, yote yalikuwa yamemwagika. Cherehani ilikuwa barazani palepale. Mjomba Safari, mfupi, miwani kwenye ncha ya pua, hakuinua kichwa.

"Nani huyu anayenizibia mwanga?"

"Ni mimi, mjomba. Shikamoo."

Mashine iliendelea kulia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sauti naijua. Ila mwenye sauti hii aliondoka hapa bila kuaga, nikajua ameshakufa, nikataka kumsomea hitima."

Nurdin alieleza yote akitembea kutoka nguzo ya kwanza ya baraza hadi ya pili, huku na huku.

"Kaa."

"Niko sawa, mjomba."

"Nimesema kaa. Mwenye shida hasimami kama mgambo."

Akakaa. Kigoda kilikuwa kilekile cha utoto wake, magoti yakamfika kidevuni. Safari alishona upindo mzima wa shuka, akakata uzi kwa meno, ndipo akasema.

"Kwa hiyo ulipanda jukwaani ukamvua mtu kofia yake mbele ya majirani zake."

"Nilikuwa namsaidia mtoto."

"Mtoto alikwambia umwachie. Ulitaka makofi, Nurdin. Mtoto ulimpanda kama ngazi."

Nurdin aliinuka nusu, akakaa tena.

"Kuku wa kuombea radhi tunaye," Safari akasema, akirudi kwenye shuka lake. "Kesho kutwa nafunga baraza, tunakwenda."

"Mjomba, mtihani uko karibu, mtoto hasomi, analia tu. Twende leo."

"Kesho kutwa. Na ukifika huko, mdomo wako uuache garini."

Kesho kutwa yake, uani kwa Stefano, Safari na Nurdin walitandikiwa mkeka. Kuku, miguu imefungwa, alilala pembeni akiwatazama kwa jicho moja. Danieli alikaa mbali kidogo, kama alivyozoea kukaa. Wazee wakaanza na mvua iliyochelewa. Wakatoka kwenye mvua wakaingia kwenye korosho, wakamkumbuka mtu waliyemjua wote wawili aliyefia Msumbiji, wakauliza watoto wake wako wapi. Goti la Nurdin lilianza kutikisika. Lilitikisika mpaka mkeka ukatikisika. Safari, bila kumtazama, akaliwekea mkono kama mtu anayemtuliza mbuzi.

"Ndugu yangu," Safari akasema hatimaye, "nimekuja na huyu. Ni wangu. Ameingia nyumba ya watu akavunja chungu. Nimekuja mimi kwa sababu chungu kikivunjwa na mtoto, anaulizwa mwenye mtoto."

Stefano alimtazama kuku, kisha Safari.

"Mimi sikukataa maji," akasema. "Nani Newala hii anakataa maji? Nilikataa kusikia habari za nyumba yangu kwenye spika. Kata nzima nimeiambia uuguzi. Sasa mimi niwe mwongo?"

"Hutakuwa mwongo. Huko hospitali wauguzi wananawa mikono kwa nini? Kwa upepo?"

Mdomo wa Stefano ukacheza. "Nyie Wayao maneno mnazaliwa nayo."

"Na nyie Wamakonde mlikimbilia juu, maji mkayasahau chini. Angalau mmoja wenu anataka kuyarudia."

Hapo Stefano alicheka, kicheko kifupi kilichomponyoka. Akageukia nyumba. "Oliva! Leta maji ya kunawa."

Oliva akatoka na bakuli, maji ya kufunika kiganja tu, akapiga goti.

"Mjomba," alianza, "tangu Julai mimi..."

"Najua. Unadhani nilifikiri unanipulizia salfa kwa mapenzi? Mtoto hakuletei ndoo kila Jumamosi bila kuwa na neno. Nilikuwa nalingoja." Akamnyooshea Nurdin kidole. "Nilishapanga namna ya kukataa. Mara ya kwanza ningekataa, ya pili ningekohoa, ya tatu ningekubali, na mama yako angepiga vigelegele. Huyu hapa ameninyang'anya yote, kwa kipaza sauti!"

Oliva aliinamisha uso. Mabega yake yalitikisika, na haikujulikana analia au anacheka.

Stefano akanyanyuka, akaingia ndani. Nurdin alishindwa kuvumilia, akamwinamia Safari.

"Mjomba, sasa amekubali, hajakubali? Mbona hasemi?"

"Nyamaza."

Stefano akarudi na kisu. Mwenyewe alikuwa Mkristo wa siku nyingi, kuku angeweza kumchinja hapohapo mlangoni. Lakini alikigeuza kisu, mpini mbele, akampa Safari.

"Chinjeni nyie," alisema, "tule wote."

"Umeona?" Safari akamnong'oneza mpwa wake. "Tumepewa kisu. Asiyekusamehe hakuulizi utakula nini."

Kisha Stefano akamgeukia Oliva, na uso wake ulikuwa mkali tena. "Utakwenda. Nitakusindikiza mimi, si spika. Lakini ukirudi hapa hujui maji yanachokea wapi, usinipe shikamoo."

"Ndiyo, mjomba."

Baadaye, maji ya moto yakiwa yamemwagwa juu ya kuku, Oliva alikaa kwenye kinu kilicholazwa akinyonyoa, manyoya yakimganda mikononi. Nurdin alizunguka ua, akaenda hadi kwenye uzio, akarudi.

"Mwalimu, si ukae? Shika bawa hili."

Akakaa. Akashika bawa.

"Hukunijibu siku ile," Oliva akasema, macho kwenye kuku. "Mwaka kesho wakati kama huu utakuwa wapi?"

Nurdin aliinua kichwa. Pale kwenye mkeka Safari alikuwa anafuta kisu, amesikia kila neno na anajifanya hajasikia. Jibu lilikuwepo. Lilikuwa limemkaa kifuani tangu siku aliyoondoka Masasi akiikimbia ile mashine ya pili, na lilitaka kutoka hapohapo, kwa sauti, mbele ya wote.

"Hilo," akasema taratibu, "kwanza nimwambie mjomba."

Akang'oa unyoya mmoja, halafu wa pili. Mguu wake ulikuwa bado unatikisika.