Tisini na Saba ya Dakika Sita Zilizopita

Mama Kitinda aliliona jambo lenyewe Jumanne saa kumi jioni, wageni walipomiminika wodini. Kitinda, binti yake wa miaka minne aliyelazwa kwa nimonia, alikuwa na kibanio kidoleni. Kibanio hicho hupima oksijeni kwenye damu na kutuma namba, bila waya, hadi kwenye kioo cha mezani kwa manesi.

Mtoto akaanza kuhema. Mbavu zikawa zinaingia ndani, midomo ikabadilika rangi. Mama akakimbilia mezani, na kioo kikamwonyesha tisini na saba, namba ya mtu mwenye afya njema. Sista akamwambia kwa upole atulie. Mama hakutulia, alimshika mkono akamburuta hadi kitandani, na alipofika pale sista mwenyewe akaanza kukimbia kutafuta barakoa ya oksijeni.

Mtoto akarudiwa na pumzi. Ile tisini na saba ilikuwa ya dakika sita zilizopita. Iliganda pale kiooni, inang'aa, inadanganya watu.

Akaitwa fundi wa mtandao, kijana waliyembandika jina la Mnara kwa urefu wake. Alisema mawimbi ni dhaifu. Jumatano asubuhi alikuja na ngazi, akafunga darini visanduku viwili vipya vya kurusha mawimbi na kuvipandisha vyote nguvu hadi mwisho. Manesi wakamshukuru. Saa kumi wageni wakaingia na simu zao, zilizotumia mtandao uleule, na namba ikaganda mapema kuliko jana.

Hapo hasira zikampanda Mama Kitinda mpaka masikio yakawa ya moto. Alimkuta Mnara koridoni akikunja ngazi, akamuuliza visanduku hivi anavipangaje. Naye, bila kujua anajichongea, akaeleza kwa maringo.

"Cha kwanza, kile cha ofisini, kilikubali sana kwenye chaneli ya sita, ile njia ya mawimbi, mama. Nikanakili mipangilio yake yote, nikaibandika kwa vingine. Vyote arobaini vya hospitali viko chaneli ya sita."

Mama huyu alikuwa muuza nguo sokoni miaka kumi na moja.

"Mwanangu, sisi tuko watano wenye vipaza sauti. Siku tunayonadi pamoja, kila mtu anaongeza sauti amzidi jirani, na mteja haambulii hata neno. Wewe umewakuta watu hawasikiani, ukawagawia vipaza sauti vikubwa zaidi?"

Mhudumu wa kitoroli cha chakula akapita akicheka chinichini. "Mnara, leo umekuwa mfupi."

Mnara akakuna kichwa. Akakiri kwamba visanduku vya chaneli moja vikisikiana hungojana zamu, na kibanio cha mtoto, chenye sauti ndogo, huenda kinangoja zamu isiyofika. Angetengeneza wiki ijayo, bosi akishatia sahihi.

"Mwanangu mimi hapumui mara moja kwa wiki," mama akasema, polepole, na akasimama mbele ya mlango.

Sista alimpigia bosi simu hapohapo, naye akakubali. Mnara akakaa kwenye benchi na kompyuta yake, akavizima vile viwili vipya, akapunguza nguvu za vilivyobaki, na kila kisanduku akakipa chaneli tofauti na ya jirani yake.

Alhamisi saa kumi, wodi ikiwa imejaa wageni, mama hakukubali kuambiwa tu kwamba hitilafu imekwisha. Alimketisha Mnara kwenye stuli, akambana kibanio cha akiba kidoleni na kumwamuru azuie pumzi. Mnara akazuia. Macho yakamtoka, shingo ikavimba, watoto wa vitanda vya karibu wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Alikuwa akisikiliza kule mezani.

"Tisini na sita," sista akaita. Kisha: "Tisini na tatu. Inashuka."

"Pumua," mama akasema.

Hakumshukuru. Alimgeukia mwanamke wa kitanda cha pili, aliyelaza kichanga chake asubuhi ileile.

"Dada, ukiambiwa namba ni nzuri, uliza ni ya saa ngapi. Halafu mfunue mwanao, tazama mbavu."