Kivuko Kilichofutika

Mara ya saba sasa kompyuta inamtaka mzee athibitishe kwamba yeye si roboti. Mara ya saba! Miaka thelathini na mmoja amepaka rangi mistari ya barabarani, mgongo umepinda kwa kuinama juani, halafu leo kisanduku kinamuuliza kama ni mtu.

"Ushindwe," akakiambia.

Saa kumi kamili binti yake wa pekee angevishwa joho la udaktari huko ng'ambo. Ili baba mtu aone sherehe mtandaoni, sharti ajisajili, na usajili ulikwama hapo: chagua picha zote zenye vivuko vya waenda kwa miguu. Kumuuliza yeye vivuko, jamani! Akagusa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne akakiruka. Jaribu tena. Kila picha zilipobadilishwa hakikukosekana kimoja kilichofutika, na hicho hakukigusa ng'o.

Binti alipokuwa na miaka sita, walikuwa wakienda shule pamoja kila asubuhi. Karibu na lango palikuwa na kivuko kilichochakaa, na mzee hakukubali wapite hapo.

"Hiki si kivuko, mama. Rangi ikiisha, dereva haoni."

Basi wanazunguka mpaka kwenye kile alichokipaka mwenyewe, cheupe pee. Wakifika ukingoni, mtoto anasema yale yale: "Nishike mkono baba, tuvuke." Kulia, kushoto, kulia tena. Jinsi alivyoukumbuka mkono ule mdogo, wenye jasho na vumbi la chaki! Angepewa asubuhi moja tu ya zile, asingeomba kingine.

Saa kumi kasoro dakika nne, simu ikaita.

"Baba, umeingia? Tumeshapanga foleni huku."

"Mwanangu, wamekataa kwamba mimi ni mtu."

"Picha zinaonyesha nini?"

"Vivuko vinne. Ila kimoja kimekufa, rangi hakuna."

"Kiguse na hicho, baba."

"Sikigusi! Mtoto akigongwa pale?"

Akasikia binti anacheka, na kicheko chenyewe kimelowa machozi.

"Baba," akasema taratibu, "nishike mkono, tuvuke."

Mzee akakigusa kile kivuko kilichokufa. Ukurasa ukafunguka.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Majina yakasomwa moja moja, mpaka likaitwa la binti yake. Akafika kwenye ukingo wa jukwaa, akasimama. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akatazama kulia tena. Ukumbini watu wakacheka, hawajui wanachekea nini.

Mzee alikuwa ameshasimama katikati ya sebule, mkono juu, amezuia magari yote.

"Pita, mama," akasema. "Pita."