Rufaa ya Tarehe Kumi na Nne

"Siku moja ni siku moja!" wakili alifoka redioni. "Tukimvumilia aliyechelewa siku moja, kesho atakuja aliyechelewa mwaka. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma."

"Msumeno gani huo unaomkata mjane tu?" akauliza mwenzake, na makarani waliokuwa wakisikiliza katika masjala ya mahakama, karatasi zinakopokelewa, wakaangua kicheko.

Wiki nzima mawakili walikuwa wakibishana redioni juu ya fundi cherehani mmoja. Marehemu mumewe alimwachia nyumba; shemeji mtu akaidai mahakamani, akashinda. Siku ya mwisho ya kukata rufaa ilikuwa tarehe kumi na nne, na karatasi za mama huyo zilikuwa na muhuri wa tarehe kumi na tano. Mwenyewe aliapa kuwa alizileta siku moja kabla. Kesho yake jaji angeamua kama rufaa itupwe bila hata kusikilizwa.

"Kila anayechelewa huapa," alisema karani wa dirisha la pili, akiipuliza chai yake. "Eti Mzee Dakika akosee tarehe! Labda jua lichomoze magharibi."

Mzee Dakika ndiye aliyepokea karatasi dirisha la kwanza, mwaka wa ishirini na tisa sasa, na watu walirekebisha saa zao kwa kumwona akifungua pazia. Alitabasamu. Sifa hakuzikataa, kuzikataa kungekuwa uongo. Kisha akautazama mkono wake.

Ilikuwa saa tisa na robo. Dirisha hufungwa saa tisa na nusu. Mkono ulikuwa umeshageuza tarehe ya muhuri kuwa ya kesho, kama ulivyofanya kila siku, ili asubuhi asipoteze hata dakika moja. Haukuwahi kumwomba ruhusa. Basi aliyefika robo saa hiyo ya mwisho alipigiwa muhuri wa kesho.

Akalivuta daftari la mapokezi. Kila jioni, baada ya mtu wa mwisho, alipiga mstari mwekundu kufunga siku. Jina la fundi cherehani lilikuwa palepale, la mwisho kabisa, juu ya mstari wa tarehe kumi na nne.

"Yule mama alisema kweli," alisema.

Karani wa dirisha la pili akasoma, akasoma tena, akaenda kufunga mlango. "Mzee wangu, umebakiza miezi minne ustaafu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu mwenyewe ni mimi. Nipite niende wapi?"

Nyumbani mkewe alimsikiliza huku akimpigia pasi shati jeupe.

"Unaogopa?"

"Naona aibu."

"Aibu haiui. Ila ukienda, sema yote. Nusu ukweli niachie mimi, siku ukinivunjia vikombe."

Asubuhi alimpelekea jaji hati ya kiapo pamoja na daftari, na saa nne akaitwa kizimbani. Alisema yote kwa sauti ileile aliyozoea kuwaita watu dirishani, wala hakutafuta maneno ya kujipamba. Alijisikia mwepesi. Jaji alilipitisha daftari kwa wakili wa shemeji, ambaye aliukagua mstari mwekundu, akainuka taratibu.

"Miaka ishirini na tisa, mzee. Uligeuza tarehe mapema siku ngapi?"

"Kila siku, wakili."

"Kila siku." Wakili aliwageukia waliokaa, kisha akamrudia. "Basi huyu mama si wa kwanza. Wengine wako wangapi?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Usiku kucha alikuwa amembeba mtu mmoja, na sasa akaona foleni nzima. Mikono yake ilishika ubao wa kizimba.

"Sijui," alisema. "Lakini madaftari yote yapo, na mistari yake. Mheshimiwa jaji, naomba ruhusa niyafungue. Nina miezi minne."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema uamuzi atausoma saa nane, akaondoka.

Nje, kwenye kibaraza, fundi cherehani alikuwa amekaa peke yake, nyuzi za rangi rangi zimemnata kwenye sketi. Mzee Dakika akasimama mbele yake.

"Nimekukosea, mama."

"Umenikosea." Alisema bila kupepesa jicho. "Nimeitwa mwongo hadi redioni. Mwanangu akawa ananitazama mdomo nikiongea."

"Najua."

Mama akauondoa mkoba wake kwenye benchi, akauweka mapajani. Mzee Dakika akaketi. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro robo, na kwa mara ya kwanza hakuilinganisha na yake.

"Na hao wengine," mama akauliza, "nao walikuwa na nyumba?"