Helmeti za Wageni

Walimfuata hospitalini, lakini hawakumfuata yeye. Walifuata helmeti.

Breki hakulijua hilo mapema. Alipomwona shemeji yake anaingia wodini na mfuko wa machungwa, alifurahi mpaka akasahau mguu. Tangu mkewe afariki, kaka huyu wa marehemu ndiye pekee aliyebaki kuwa ndugu. Wengine walimaliza msiba, wakamaliza na undugu.

"Shemeji, pole sana! Kumbe uzima upo?"

"Upo, ila umechubukachubuka. Kaa hapa kitandani. Viti vya humu vina wenyewe."

Shemeji hakukaa. Aliweka machungwa juu ya kikabati, akainama kuchungulia uvunguni.

"Unatafuta nini? Bakuli la mgonjwa?"

"Vile vitu vya stoo," alisema shemeji kwa sauti ya chini. "Koti, glavu, buti. Na helmeti. Helmeti hasa, shemeji."

Basi hapo ndipo machungwa yalipoanza kunuka.

Wote wawili walikuwa watu wa kiwanda cha mikate. Breki alisambaza mikate kwa pikipiki, kreti zimefungwa nyuma na kufunikwa turubai. Jina alipewa na wenzake, eti hushika breki kabla mbuzi hajaamua kuvuka. Shemeji alikuwa mtunza stoo, na ufunguo wa stoo aliuvaa shingoni kama hirizi. Ndani ya stoo hiyo, juu ya rafu, zilikaa nguo za kuendeshea pikipiki: makoti yenye pedi za mabega na viwiko, kinga za magoti, buti ndefu, na helmeti nzito zilizofungwa kwenye nailoni.

Zilikaa, nakwambia. Hazikuvaliwa. Wakubwa wa kiwanda walikopa hela ya tanuri jipya, na waliowakopesha wakaweka sharti kwamba waendeshaji walindwe. Kwa hiyo siku wageni wa mkopo wakija kukagua, stoo inafunguliwa, watu wanavaa, wanapigwa picha wamepanga mstari kama maharusi, wageni wanapanda magari yao, na watu wanavua. Shemeji anapangusa vumbi, anarudisha nailoni, anafunga. Kesho yake watu wanaingia barabarani na mashati yao. Ni kama vile vyombo vya kabatini ambavyo watoto wa nyumba hawavigusi, wanakula kwenye sahani zilizovunjika pembe.

"Tuvae hata wakati wa mvua tu, shemeji," Breki aliwahi kumwomba.

"Ni agizo la juu. Wakubwa hawataki zichafuke."

Hata hivyo Breki alikuwa na heshima ya pekee kwa helmeti zile. Aliamini zimenunuliwa kwa ajili ya mkewe. Marehemu alikuwa mshonaji wa maturubai ya kreti palepale kiwandani. Siku moja alipakiwa nyuma ya pikipiki, kichwa kitupu, kupeleka turubai kwenye duka la kiwanda. Pikipiki ikaruka tuta, akaanguka kwa kisogo. Hakuamka. Makaburini meneja alisimama na miwani yake myeusi, akasema, "Kifo cha dada yetu hakitapotea bure. Tutanunua helmeti." Haukupita muda, helmeti zikaonekana. Breki alikwenda ofisini kwa miguu yake kushukuru. Alishukuru! Akamshika meneja mkono kwa mikono yake miwili.

Siku ya ajali, wageni walikuwa wameondoka na waendeshaji wamejipanga mlangoni mwa stoo kuvua. Simu ikaingia, hoteli moja imeishiwa mikate na ina watu wa mkutano. Meneja akapiga kelele kutoka ngazini.

"Breki! Toka hivyohivyo!"

"Na hizi nguo, bosi?"

"Utavua ukirudi. Usizichafue!"

Penye kona ya kituo cha mafuta gari dogo liligeuka ghafla, bila taa wala honi. Breki alishika breki, lakini mchanga uliomwagika pale ulilipokonya gurudumu. Pikipiki ikaenda huku, yeye akaenda kule. Aliteleza kwa bega, akateleza kwa kiwiko, kisha kichwa kikagonga ukingo wa barabara, kooh! kama mtu anayegonga mlango wa mdeni wake. Akalala kimya akisikiliza. Alipojisikia anatukana, akajua yu hai.

Nesi ndiye aliyemweleza alivyopona. Alimwinulia helmeti mbele ya macho, ina ufa uliotoka juu hadi sikioni.

"Baba, unauona ufa huu? Ungekuwa hapa." Akamgusa kidogo juu ya sikio. "Wanaoletwa kutoka kona ile na vichwa vitupu hatuongei nao. Wewe unaniomba chai, tena unasema sukari haitoshi!"

Na kweli, mwili wake ulikuwa umechorwa kama ramani. Palipokuwa na pedi, ngozi ilikuwa nzima. Pajani, ambako hapakuwa na kitu ila suruali, palichunika kama kiazi. Mguu ulivunjika juu kidogo ya pale buti ilipoishia. Koti lilisagika kiwiko mpaka pedi ikatokeza, na kiwiko chenyewe kilikuwa kinakunjika na kukunjuka vizuri tu.

Sasa shemeji alikuwa amesimama pale, jasho linamtoka.

"Wageni wanarudi, shemeji. Wataona pengo kwenye rafu. Bosi anasema ufa tutauziba, tutaupaka rangi."

"Mpake rangi? Halafu avae nani?"

"Si ya kuvaa! Ni ya kuonekana." Alisogea karibu. "Sikiliza. Mguu huo hautapanda pikipiki leo wala kesho. Bosi amesema ukirudisha vitu kwa amani, utapewa kazi ya getini. Ya kukaa! Kufungua na kufunga. Wageni wakija, unasimama na gongo lako, unasema kiwanda kimekuokoa. Nimekupigania sana, damu nzito kuliko maji."

Breki alifikiri. Kodi ya chumba haijui mguu uliovunjika. Na kusema kiwanda kimemwokoa, ni maneno tu, hayang'oi jino. Helmeti alikuwa nayo chini ya blanketi, ubavuni, maana tangu afike hakutaka iende mbali. Akaitoa. Akaushika mkanda wa kidevuni ili amkabidhi.

Kidole gumba kikagusa fundo.

Lilikuwa fundo dogo, gumu, kama punje ya mtama, mwisho wa mshono wa uzi wa buluu, ule uzi mnene wa maturubai. Breki hakuutazama mkanda. Alinyoosha mkono kwenye suruali yake iliyokatwa kwa mkasi na kutupwa kwenye kikabati, akapapasa pindo. Punje ya mtama. Miaka yote mkewe alimaliza hivyo kila alichoshona, mizunguko mitatu na fundo, akisema uzi usioaga hufumuka.

"Shemeji," alisema polepole. "Mkanda huu kashona nani?"

"Umetoka hivyo kiwandani."

"Kiwanda gani kinachoshona kama dada yako?"

Shemeji alitazama machungwa. Halafu dirisha. Kisha akakaa kitandani bila kukaribishwa.

"Zilikuja mikanda imelegea," alisema. "Wageni walikuwa njiani. Nikampelekea azikaze."

"Lini?"

"Unajua lini. Wafu hawashoni."

"Nataka uniambie wewe."

"Wiki ile ile aliyoanguka."

Wodi ilikuwa na kelele, mgonjwa wa jirani alikuwa anagombana na mwanawe juu ya uji. Breki hakusikia neno. Alikuwa anamwona mkewe ameinamia helmeti moja baada ya nyingine, miwani imeshuka puani, anavuta uzi kwa meno.

"Kwa hiyo zilikuwapo."

"Zilikuwapo."

"Na pale makaburini, yule alipokuwa anaahidi, wewe ulikuwa umesimama karibu yangu. Ufunguo shingoni."

"Ningefanyaje? Ningemuumbua bosi mbele ya watu? Nina watoto, shemeji!"

"Aliomba moja?"

Shemeji aliupapasa ufunguo shingoni.

"Nakuuliza. Siku ile alipopakiwa. Alikuomba?"

"Aliomba," alisema shemeji, na sauti ilikuwa ndogo kuliko fundo lile. "Nikamwambia ni za wageni."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema kwamba kitakuletea na machungwa. Breki alitaka kumpiga lakini mguu ulikuwa umening'inizwa kwa kamba yenye uzito wa kuuvuta. Akavuta koti kutoka miguuni pa kitanda, akamtupia. Akafuatisha glavu. Buti zilikuwa uvunguni.

"Chukua. Hii inabaki."

"Utakosa geti! Utakula nini?"

"Swali hilo nenda kaniulizie kwa dada yako."

Shemeji aliondoka na bunda lake kifuani, anasukuma mlango kwa bega.

Jioni alikuja Msumari, mwendeshaji mwenzake, mwembamba mwenye kichwa kikubwa, ambaye hucheka kabla ya kusalimia. Safari hii hakucheka. Breki alimwekea kidole chake juu ya fundo, kisha akakipeleka kwenye turubai alilokuja nalo limekunjwa kwapani. Msumari alikuwa akifunga na kufungua maturubai ya marehemu kila alfajiri. Hakuhitaji kuelezwa.

"Zilikuwa mle ndani?" aliuliza. "Akiwa hai?"

"Usiwahutubie watu. Ipitishe tu mkono kwa mkono."

Kulipokucha, mikate ilitoka tanurini na hakuna pikipiki iliyowaka. Waendeshaji walisimama mlangoni mwa stoo, wanapokezana helmeti yenye ufa, kila mmoja anapapasa. Meneja alitisha, akabembeleza, akatisha tena. Mikate ilipopoa na simu za maduka kuzidi, akaamuru mlango ufunguliwe.

Msije mkadhani wakubwa waliona haya. Wageni waliporudi, meneja aliwaambia kuvaa kila siku ni wazo lake, wakampigia makofi. Getini aliwekwa mtu mwingine. Shemeji bado anauvaa ufunguo, ingawa stoo haina tena cha kufungiwa. Na Breki hakuitwa tena kazini, wala kwa hisani.

Msumari ndiye aliyemletea habari hizo, na kurudisha helmeti. Alikuja na koti la kiwanda, viwiko vimejaa tope na oili.

"Limechafuka, kaka," alisema, anajigeuza kama msichana mwenye gauni jipya.

"Nimeliona. Lichafue zaidi."

Alipoondoka, nesi alikuja kupangusa kikabati. Machungwa yalikuwa palepale kwenye mfuko, mawili yameanza kuota ukungu.

"Baba, haya yanaoza. Hutaki hata moja? Niyatupe?"

"Yaache hapohapo," Breki alisema, helmeti ubavuni. "Ni ya wageni."