Kambare Mwenye Mayai

Mama Merle alimjua samaki kabla hajamwona. Kambare wa Mto Cooper hana fujo; huvuta mshipi polepole, kama mtoto anayevuta nguo ya mama yake. Alipomfikisha topeni akaona tumbo limejaa.

"Mama wee, una mayai," akamwambia. "Na maji yenyewe yamebaki haya. Rudi kwako."

Mvua ilikuwa imewasahau, mto umekatikakatika kuwa madimbwi, na kambare hawa hutaga mayai machache. Akamshika kwa upole amtoe ndoana. Samaki akajipinda, mwiba wa ubavuni ukamzama kiganjani.

Alipiga yowe, kisha akauma mdomo. Maumivu yalipanda hadi begani. Binti yake, Desley, alikuwa ameenda na gari dukani kununua mkate. Aliyebaki ni Clancy, mume wa Desley, akivua upande wa pili wa mti mkubwa. Na kwa mila ya kwao, mtu na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani. Tangu harusi Clancy hajamwona usoni, na Mama Merle hakutaka aanze leo.

Akajaribu kwa mkono mmoja. Ndoana haikutoka. Samaki akapiga mkia mara moja, akatulia.

Nyuma ya mti Clancy akaanza kuongea na mbwa.

"Wewe Tinka, umesikia mtu akilia? Kama kachomwa na kambare, dawa yake ni maji ya moto. Mimi birika langu limeshachemka."

Tinka akaja mbio, akamlamba Mama Merle shavuni.

"Tinka mwanangu," akasema huku amekaza meno, "mkono utangoja. Hapa kuna mja mzito anakufa, ndoana iko mdomoni. Mimi najifunika."

Akajiburuta pembeni, akajifunika blanketi gubigubi katika jua lile. Akasikia nyayo zikija kinyumenyume, mtu akijikwaa na kulaani mizizi kwa sauti ya chini. Mtu akahangaika na ndoana. Halafu maji yakalia chubwi.

"Tinka, kaondoka. Kasimama kidogo, kachezesha masharubu, huyoo."

Nyayo zilipokwisha akafunua blanketi. Birika lilikuwa karibu na goti lake, pamoja na bakuli pana. Akamimina, akatumbukiza mkono.

"Tinka! Hii chai!"

"Mwambie ndiyo maji yaliyokuwepo. Nimetia kidole, haiunguzi. Mengine yako motoni."

"Na sukari yote hii? Anataka kunipika jamu?"

Nyuma ya mti mtu alicheka, akajikohoza haraka. Mama Merle naye akacheka, machozi yakimtoka, na maumivu yakaanza kulegea kidole kimoja baada ya kingine.

Desley aliporudi aliwakuta mmoja huku, mmoja kule, wamepeana migongo, mbwa yuko hoi katikati kwa kwenda na kurudi.

"Mama, mkono umefanyaje? Na ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mbwa. Lete huo mkate."

Akaukata kwa mkono mzima, kipande kinene cha mwisho wa mkate, akakirundikia nyama ya kopo mpaka ikamwagika.

"Mpelekee huyo. Mwambie..." Akasita, akapangusa kisu kwenye sketi. "Usimwambie kitu. Mpelekee tu, kabla chai yake ya pili haijapoa."