Banda la Magari ya Ng'ombe

Msinicheke. Mwaka wa arobaini na tisa nilikuwa karani wa ofisi ya mji hapa Eldoret, na hakuna karani aliyepima jengo kama mimi, Phineas Wanyonyi. Bwana, Mzungu mkuu wa ofisi, alinituma niandike majengo yote yaliyoachwa: yako wapi, yana ukubwa gani, yako katika hali gani. Wenzangu wangesimama barabarani wakakisia. Mimi niliingia ndani na utepe wangu, buibui wakanitambaa shingoni.

Jengo la nane lilikuwa banda la magari ya ng'ombe, nyuma ya maduka. Tangu treni ifike, hakuna aliyelihitaji. Nilitarajia panya. Nikakuta sakafu imefagiliwa, na Mama Kavetsa, mjane kutoka Maragoli, akiwapikia vibarua uji wa kuuza. Mmoja wao alikuwa amefiwa na ndugu yake huko kwao, na wenzake walikuwa wamekuja kukaa naye, maana chumba alichopanga hakitoshi hata watu wawili.

Nisiwadanganye, roho iliniuma. Miaka mitatu mjini, kila Jumapili nikitoka kanisani narudi chumbani, nakula peke yangu nikiangalia ukuta. Kumbe watu walikuwa na mahali. Mama Kavetsa alinipa kikombe cha uji. Kesho yake nikarudi, na kesho kutwa yake.

Siku ya nne nilimwambia nitawaombea banda liwe lao kabisa. Tutaweka madirisha, benchi, wasiojua kusoma wafundishwe jioni, na mwenye matanga asikae peke yake.

"Andika limeoza," akasema.

"Mama, mimi siandiki uongo."

"Basi andika kidogo. Chema chajiuza, mwanangu."

Nilicheka. Mama asiyejua kusoma anifundishe mimi kuandika? Ndiyo, nilifikiri hivyo, Mungu anisamehe.

Nikaandika kurasa mbili. Ukuta wa mawe, imara. Mbao za mwerezi, hazina mchwa. Bati zima, halivuji. Nikachora ramani, na ndani yake benchi kumi na mbili. Chini nikaandika: linafaa kuwa nyumba ya wafanyakazi kukutania.

Bwana alisoma yote. "Wanyonyi, kazi safi sana. Sikujua tuna kitu kama hiki." Nilitoka ofisini kifua mbele.

Wiki ya pili Mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Soy alipewa banda. Nilimkuta mlangoni akiwaonyesha watu wake mahali pa kufunga kufuli. Ramani yangu ilikuwa mkononi mwake. Benchi zangu alikuwa amezifuta, akachora trekta tatu. Mwandiko wangu alikuwa ameuacha.

Asubuhi iliyofuata nilimpata Mama Kavetsa kando ya barabara, sufuria juu ya mawe matatu, mvua inanyesha. Vibarua walikuwa wamejifunika magunia, wawili wawili, pamoja na yule mfiwa.

"Mama, niliandika kwa ajili yenu," nikasema.

"Najua."

Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia. Alinijazia kikombe kama anavyomjazia mteja yeyote, akageukia moto wake. Nilikunywa nimesimama, mvua ikiingia kwenye uji, na hakuna mtu aliyeniinulia pembe ya gunia lake.