Sinki la Chaki

Jamani, choo kinaweza kumzeesha mtu. Tangu tuanze kupanga hiki cha wageni, mimi na mume wangu hatujala chakula cha jioni bila kuzozana. Yeye anauza matairi, lakini siku hizi nikimwita Mhandisi anaitika. Anataka sinki lenye kabati, anataka kioo kikubwa, vyote ndani ya stoo ya chini ya ngazi, ambamo hata ubao wa kupigia pasi ulikuwa unaingia kwa taabu. Mimi nashinda dukani nimesimama, narudi nyayo zinawaka moto, halafu naulizwa vigae viwe vya kijivu au vyeupe. Vyovyote! Weka hata vya rangi ya matope, mradi nilale.

Tena kusema cha wageni ni geresha tu. Ni cha mama yangu. Anaishi peke yake tangu baba afariki, na kila nikimwomba ahamie kwetu ananipa jibu lile lile: "Nichangie choo na mkwe? Nikutane naye mlangoni nimejifunga khanga, yeye ana mswaki mdomoni? Uso wangu nitauweka wapi?" Nikaapa nitamjengea chake, ubavuni mwa chumba atakacholala, nione atatoa kisingizio gani tena. Asubuhi asipopokea simu, mimi hata chenji nakosea kurudisha. Namtaka hapa, nimsikie akikohoa ng'ambo ya ukuta, roho itulie.

Jumamosi fundi akaja. Huyu fundi wetu hana habari na karatasi. Anafagia sakafu, anachora kwa chaki kila kitu pale kitakapokaa, halafu anawalazimisha wenye nyumba wakitumie. Choo alikiweka kwa kufudikiza ndoo kubwa ya rangi. Sinki, kwa sababu ya lile kabati la Mhandisi, likaenda kona ya mbali. Nilikuwa nimeshalipinga wiki nzima. Nikakubali shingo upande, maana hata kubishana kunataka nguvu.

Mume wangu akaingia, akanawa mikono hewani, akajitazama kwenye kioo ambacho hakipo, akapapasa ndevu.

"Umependeza, Mhandisi," nikamwambia. "Toka sasa."

Zamu ya Mama ikafika. Nilikuwa nimemwita makusudi, aone kwa macho yake. Mlango wa stoo ulishang'olewa, lakini yeye alishika kitasa cha hewani, akafunga, akatuonya tusichungulie. Tulicheka mpaka fundi akaangusha chaki. Akaketi kwenye ndoo, akatandaza khanga magotini.

"Pazuri," akasema. "Hongereni."

"Haya, toka basi Mama, chai inapoa."

"Tangulieni. Nataka nipaangalie vizuri."

Tukaenda mezani. Nikamimina chai, tukanywa, kikombe chake kikafanya utando juu. Nikarudi stoo. Yuko pale pale.

"Mama, umepanga kulala humu?"

"Hebu niache nipumzike. Hapa pana ubaridi mzuri."

Hasira zikanipanda. Ndiyo, nilimfokea mama yangu mzazi, akiwa amekaa kwenye ndoo. "Sema tu hupataki! Mimi nahangaika usiku na mchana, sipumui, kumbe wewe unatafuta kasoro. Kama hutaki kuishi na sisi, sema niache kujisumbua!"

Ndipo nikauona mkono wake. Alikuwa ameubana ukutani, vidole vimekakamaa, na ukuta hauna pa kushika.

"Siwezi kuinuka," akanong'ona. "Kule kwangu huwa nashika sinki. Hapa mmeliweka mbali."

"Tangu lini, Mama?"

"Ni kitambo. Na lile la kwangu limeanza kung'oka."

Siku zote hizo nikipiga simu, "Hujambo Mama?", "Sijambo mwanangu", kumbe asubuhi zake zinaning'inia kwenye sinki bovu. Nikamshika kwapani, nikavuta. Miguu yangu ya dukani ikagoma, nusura twende chini wote wawili.

"Niitie fundi," akasema. "Mkwe hapana. Tafadhali, mkwe hapana kabisa."

Lakini mkwe alishafika mlangoni, kikombe mkononi. Akakiweka chini. Akaingia huku macho kayakaza kwenye dari, akampa Mama mgongo, akachuchumaa kando ya ndoo.

"Mama, mimi hapa ni sinki," akasema. "Sinki halina macho. Shika."

Tangu anioe, Mama hajawahi kumgusa zaidi ya kumpa mkono wa salamu. Kisha nikamsikia akicheka, kicheko kilichochoka kuliko mimi. Akaweka mkono begani kwa mkwewe. Wakainuka pole pole, wote wawili, mume wangu bado anatazama dari.

"Mhandisi, usisogee," fundi akasema nyuma yangu. Akapenya, akainama, akachora kwa chaki kuzunguka viatu vya mume wangu. Halafu akaenda kona ya mbali, akalifuta lile sinki kubwa kwa soli ya kiatu. Mume wangu aliliona kabati lake likifutika, wala hakusogea.

Mama akajifunga khanga yake vizuri. Akamwambia fundi, bila kututazama sisi, "Na mlango ufungukie nje. Nikianguka humu ndani, mkwe wangu ataingiaje kuniinua?"

Akaenda zake kunywa chai yake iliyopoa.

Nikaketi kwenye ile ndoo. Miezi yote nilikuwa nikiomba akubali, na sasa amekubali, mimi nikaanza kulia. Fundi akajitia kutafuta futi yake nje. Mume wangu alikuwa bado amesimama ndani ya mstari wa chaki, kama alivyoambiwa.

"Na wewe unataka sinki?" akauliza.

"Nataka," nikasema, nikanyoosha mkono.